Sikupata, Nilipatwa

Rasimu ya tatu ya tasnifu yangu ilirudi kutoka kwa msimamizi ikiwa na maduara mekundu 38. Niliyahesabu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maktaba, kwa sababu sikutaka kurudi chumbani kulia mbele ya mwenzangu. Maduara 27 kati ya hayo yalizunguka neno moja la Kiingereza: "get". Pembeni ya duara la kwanza aliandika kwamba hilo ni neno la mtaani, halina hadhi ya kitaaluma, nitumie "obtain", "acquire" au "receive". Kwenye maduara yaliyofuata hakujisumbua kueleza. Alizungushia tu.

Nilifanya alichosema. Nilifungua kompyuta, nikaenda sehemu ya kutafuta na kubadilisha, nikaandika "get" upande huu na "obtain" upande ule, nikabonyeza. Kompyuta haina aibu. "Budget" ikawa "budobtain", "target" ikawa "tarobtain", "together" ikawa kitu ambacho hata kukitamka siwezi. Nikapoteza jioni nzima kurekebisha. Yale ya "got" niliyabadilisha kwa mkono, moja baada ya jingine, nikijua ninachokifanya. Moja ya "got" hizo ilikuwa ndani ya sentensi ya mama mmoja muuza samaki wa Tanga.

Naandika kwa ajili ya sentensi hiyo. Na naandika dhidi ya wazo ambalo nimefundishwa tangu nina miaka kumi na minne: kwamba maneno yana visawe, na kwamba neno likionekana la hali ya chini unalitoa na kuweka lenye suti na tai, maana ikabaki ile ile.

*

Kama ulisoma shule ya msingi ya serikali Tanzania, safari hii unaijua. Miaka saba unajifunza hesabu, sayansi na historia kwa Kiswahili. Kisha unaingia kidato cha kwanza, unapewa wiki chache za kozi ya kuvukia, na Kiingereza kinakuwa lugha ya kila kitu isipokuwa kipindi cha Kiswahili chenyewe. Unakuwa bubu ghafla. Watoto waliokuwa wakinyoosha mikono darasa la saba wanaanza kukaa nyuma.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu mwema, na nasema hivyo bila kejeli. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sabini, vitabu kumi na viwili. Akatutengenezea dawa ya haraka. Alichora ubaoni jedwali lenye safu mbili. Kushoto maneno "mabaya": get, give, good, nice, big, said. Kulia maneno "mazuri". Mbele ya "get" aliandika obtain, acquire, receive, gain, procure, become, understand. Tukanakili, tukakariri, tukaimba kama jedwali la kuzidisha.

Wiki iliyofuata likaja zoezi: andika upya sentensi hizi bila kutumia "get" wala "got". Sentensi ya tatu ilisema "My grandmother got malaria". Niliandika "My grandmother obtained malaria". Nikapata tiki. Rafiki yangu wa dawati aliandika "procured malaria". Naye akapata tiki.

Miaka ilipita kabla sijaelewa tulichokuwa tumeandika. Mtu aki-obtain kitu, amekitaka na amehangaika mpaka kikaingia mkononi. Na "procure" ni neno la ofisi za manunuzi. Bibi yangu, ambaye malaria ilimfuata kitandani kwake kule Muheza, kwenye daftari langu alikuwa ameitafuta. Kwenye daftari la rafiki yangu alikuwa ametangaza zabuni.

Leo nacheka. Lakini ile tiki ilitufundisha jambo ambalo si la kuchekesha. Ilitufundisha kwamba swali la kwanza kuhusu neno ni: lina hadhi gani? Swali la kama ni kweli halikuwepo kwenye zoezi.

*

Sasa litazame lenyewe, hili "get" linalofukuzwa. "I got a letter": nilipokea barua. "I got home": nilifika nyumbani. "I got tired": nilichoka. "I get it": naelewa. "She got him to sign": alimfanya asaini. "He got fired": alifukuzwa. "I've got to go": sina budi kwenda. "We get along": tunapatana. "We get by": tunasukuma maisha. Hiyo ni orodha fupi. Usomapo utaona kwamba Kiswahili kimetumia vitenzi tofauti karibu kila mahali, na mara nyingine hakikuhitaji kitenzi kabisa, kimefanya kazi hiyo kwa kauli ya kutendwa au ya kutendesha.

Kuna kitu kingine ndani ya "get" ambacho jedwali la mwalimu halikukionyesha. Ni kitenzi kinachokubali kwenda pande zote mbili. Unaweza ku-get kitu, na kitu kinaweza kuku-get wewe. "I got malaria", na pia "the malaria got him", yaani ilimmaliza. Polisi wana-get mwizi. Uzee una-get kila mtu. Jaribu kufanya hivyo kwa "obtain". "Malaria obtained him." Haiwezekani. "Obtain" inaenda upande mmoja tu: kutoka kwa mtu mwenye nia kwenda kwa kitu anachokitaka.

Kwa nini basi moja ni la mtaani na jingine la ofisini? Jibu si la kisarufi. "Get" ililetwa Uingereza na watu wa Skandinavia, wale tunaowajua kama Vikings, waliovamia kisha wakalowea kaskazini na mashariki mwa nchi ile kuanzia karne ya 9. Kwao ilikuwa "geta", na Waiceland wanayo mpaka leo wakimaanisha kuweza. Mwaka 1066 Wanormani wakaiteka nchi, na kwa karne kadhaa ikulu, mahakama na hati za mashamba ziliendeshwa kwa Kifaransa na Kilatini. "Receive", "procure", "obtain" na "acquire" ziliingia kwa mlango huo. Ndiyo maana hadi leo neno fupi linanuka jasho na neno refu linanuka wino. Watoto wa Uingereza nao huambiwa na walimu wao waache kuandika "get". Tulichokirithi sisi, pamoja na lugha, ni ugomvi wa mkulima na bwana wake wa zaidi ya miaka 900 iliyopita, nao haukutuhusu.

Na tukumbuke pia kwamba vitabu vya visawe vya Kiingereza havikuanza kama orodha za kubadilishana maneno. Hester Piozzi alichapisha kitabu chake kuhusu visawe mwaka 1794, George Crabb chake mwaka 1816, na kazi yao kubwa ilikuwa kueleza tofauti: haya maneno mawili yanafanana, lakini hili linatumika hapa na lile pale. Daktari Roget, ambaye jina lake sasa ni jina la vitabu vya visawe vyote, alipotoa *Thesaurus* yake mwaka 1852 aliyapanga maneno kwa mawazo, ili mtu mwenye wazo atafute neno linalolifaa. Sisi tumegeuza. Tuna neno tayari, tunatafuta jingine la kulifunika.

*

Nirudi nyumbani. Tukilazimishwa kutaja neno moja la Kiswahili kwa "get", wengi tutasema "kupata". Nami nakubali, kwa sharti kwamba tulisikilize.

Kupata ni mzizi wa Kibantu. Wazulu wana "phatha", wakimaanisha kushika au kubeba. Inafurahisha kwamba hata ndani ya "obtain" kuna Kilatini "tenere", ambacho nacho ni kushika. Lakini angalia Kiswahili kilikopeleka hicho kiganja. Unapata kazi, unapata mtoto, unapata joto. Unapata kipato, serikali inapata mapato. Mnapatana bei sokoni. Mkigombana mnapatanishwa na wazee. Ukijibu swali sawasawa, umepatia. Bidhaa ikiwepo dukani, inapatikana; na mjanja akinaswa, wenzake wanamcheka, "Leo umepatikana!" Kisu kikiwa kikali, tunasema kinapata. Unaweza kusema "sijapata kuona mvua kama hii", ukimaanisha tangu uzaliwe. Jua likifunikwa mchana, limepatwa.

Hapo penye jua ndipo nilipotaka tufike. Kupata nako kunakwenda pande zote mbili. Mtu anapata habari, lakini msiba unampata mtu. Tunasimuliana "yaliyotupata", na katika kauli hiyo sisi ndio tulioshikwa. Mtu anapatwa na homa, na ajali, na mshtuko. Hakuna Mswahili, hata asiyejua kitenzi ni nini, anayechanganya kupata na kupatwa. Wazee walikwisha kuonya kwamba kupata si werevu na kukosa si ujinga, yaani usidhani kila kilicho mkononi mwa mtu kililetwa na akili yake au nia yake. Hiyo ni falsafa nzima kuhusu kitenzi kimoja, na inapingana kabisa na "obtain".

*

Tasnifu yangu inahusu mikopo midogo miongoni mwa wanawake wafanyabiashara. Nilikwenda Tanga kwa mahojiano kwa sababu huko ndiko nilikokulia jirani, na kwa sababu huko nikisema shikamoo najua nitaitikiwa na nani na kwa sauti gani.

Mama ninayemzungumzia anauza samaki wa kukaanga. Tuliongea mchana, biashara ikiwa imetulia, akiwa anasafisha karai kwa jivu. Nilimwuliza swali kama lilivyokuwa kwenye dodoso langu: "Mama, uliwahi kupata mkopo?"

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Wengine wanapata mkopo, mwanangu. Mimi nilipatwa na mkopo."

Wenzake waliokuwa karibu wakacheka, cheko la watu wanaojua. Sijawahi kusikia mtu akisema "kupatwa na mkopo". Hata yeye, nadhani, alilitengeneza papo hapo. Lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mkopo ulikuwa umewekwa safu moja na homa na ajali.

Kisha akasimulia. Wakopeshaji walitaka kikundi cha watu watano, kila mmoja amdhamini mwenzake. Majirani walikuwa wanne. Jirani yake mmoja akaja jioni kumwomba akamilishe idadi, tena akaja na dada yake, tena akaja na kilio. Ungefanyaje? Akaweka saini. Laki tatu zikaingia mkononi mwake jioni, na kesho yake asubuhi nusu ilikuwa kwa yule jirani, kwa sababu ndivyo walivyokubaliana. Wiki ya tatu jirani akahama usiku. Rejesho la kila wiki likabaki pale pale, na sasa lilikuwa na upungufu wa mtu aliyekimbia. Mikopo ya namna hii ina jina lake mitaani, kausha damu, na jina hilo halikutungwa na wanafunzi wa uzamili. Walichukua televisheni. Wakarudi wakachukua godoro. "Hilo godoro," aliniambia, "nililinunua kwa pesa ya samaki, si ya mkopo."

Usiku ule nilikaa na kinasa sauti nikitafsiri. Nilijaribu njia nyingi, na ghafla Kiingereza kikanifungulia mlango: "Other women get loans. This loan got me." Niliruka kitandani. Ilikuwa imekaa. Mgeuko ule ule, ufupi ule ule, hata ile harufu ya mzaha ndani ya uchungu. Na neno lililoniwezesha lilikuwa lile lile la mtaani, kwa sababu ndilo pekee, kati ya yote niliyokariri kidato cha kwanza, linaloweza kugeuka na kumshika mtu.

Hilo ndilo neno lililozungushiwa duara.

Nikalibadilisha. "This loan obtained me" haikuwezekana, kwa hiyo sentensi nzima ikabidi ivunjwe. Niliandika kwa Kiingereza kwamba baadhi ya wahojiwa walipata mikopo kwa mafanikio, ilhali wengine walikumbana na changamoto. Changamoto! Neno ambalo kazi yake siku hizi ni kuhakikisha hakuna mtu aliyefanya kosa lolote. Na kwenye jedwali la Sura ya Nne, katika mstari wa wanawake waliofikiwa na huduma za mikopo, yule mama akawa mmoja. Amehesabiwa. Yuko upande wa mafanikio.

Fikiri jedwali hilo linakwenda wapi. Tasnifu kama yangu zinasomwa, kama zinasomwa, na watu wanaoandaa miradi. Wanachotafuta ni idadi: wanawake wangapi wamepata mikopo. Idadi ikipanda, mradi umefaulu. Hakuna safu ya waliopatwa. Kitenzi kimoja kikibadilishwa kwenye rasimu, mtu aliyenyang'anywa godoro anageuka kuwa ushahidi kwamba mambo yanakwenda vizuri. Sidhani kama kuna aliyekusudia hivyo. Msimamizi wangu hakukusudia. Mimi sikukusudia. Tulikuwa tunasafisha lugha tu.

*

Najua nitakavyojibiwa, maana nimeshajibiwa na wenzangu darasani.

La kwanza: kila lugha ina daraja la ofisini na daraja la kijiweni, na msomi lazima ajue tofauti. Sawa kabisa. Hata Kiswahili sianzi barua ya kuomba kazi kwa kuandika kwamba natafuta mshiko. Sipigani na adabu ya lugha. Napigana na mpangilio wa maswali. Uliza kwanza neno linasema nini, na nani anafanya nini kwa nani. Ukishapata maneno mawili yanayosema jambo lile lile hasa, hapo chagua lenye adabu zaidi. Ukianza na adabu, utamaliza na bibi anayetangaza zabuni ya malaria.

La pili: basi andika kwa Kiswahili, shida imekwisha. Natamani. Wenzetu wa idara za Kiswahili wanaandika tasnifu zao kwa Kiswahili na dunia haijaanguka. Lakini tusijidanganye kwamba Kiswahili kina kinga. Soma ripoti yoyote ya mradi iliyoandikwa kwa Kiswahili utakuta "wanufaika wa mikopo". Mnufaika! Yule mama angeitwa mnufaika. Tumejenga "obtain" yetu wenyewe, na tumeijenga kwa vifaa vya hapa hapa nyumbani. Ugonjwa ni tabia ya kuchagua neno kwa cheo chake, na tabia hiyo inaishi katika lugha yoyote yenye ofisi.

La tatu, na hili ndilo linalonitisha: siku hizi hatuchagui wenyewe. Mwanafunzi anaogopa programu ya kukagua wizi wa maandishi, kwa hiyo anapitisha aya zake kwenye programu nyingine inayobadilisha maneno. Mwaka 2021 watafiti Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walionyesha matokeo ya tabia hiyo katika makala za kisayansi zilizokwisha kuchapishwa. Walikuta "artificial intelligence", akili bandia, imekuwa "counterfeit consciousness", yaani fahamu ya kughushi. Saratani ya matiti, "breast cancer", imekuwa "bosom peril": hatari ya kifuani. Watu walicheka dunia nzima. Mimi sikucheka sana, kwa sababu niliitambua hiyo mashine. Niliwahi kuwa hiyo mashine, nimevaa sketi ya bluu, nimekaa dawati la tatu, nikapewa tiki.

Tunashangaa kwamba wanafunzi wanakubali kirahisi kompyuta iwaandikie. Kwa nini wasikubali? Tumewalea wakiamini kwamba sentensi ni mashimo, na kila shimo lina vizibo sita. Kama ndivyo, kuna sababu gani kazi hiyo ifanywe na mtu?

*

Mwezi uliopita nilirudi Tanga. Maadili ya utafiti yanataka uwarudishie wahojiwa ulichoandika juu yao, wakubali au wakatae. Nilimkuta mama pale pale, karai lile lile. Baada ya salamu nikamwambia, "Mama, nimekuja kufanya mrejesho."

Uso wake ukabadilika. Akashika ukingo wa meza. "Marejesho ya nini tena?"

Neno langu la kitaaluma, tofauti yake na rejesho la mkopo ni silabi moja na masomo ya chuo. Nikaomba radhi, nikasema nimekuja kumsomea nilichoandika. Akacheka, akavuta stuli akanipa.

Nikamtafsiria aya yangu kutoka Kiingereza, polepole, kama ilivyosomeka baada ya kusafishwa. Baadhi ya akina mama walipata mikopo kwa mafanikio. Wengine walikumbana na changamoto. Alisikiliza hadi mwisho kwa heshima. Kisha akaniuliza, bila hasira kabisa:

"Hao waliopata, ni akina nani?"

Nikasema, ni ninyi, mama. Ni pamoja na wewe.

"Aa. Basi nipeleke kwake huyo mimi aliyepata, nami nikamkope."

Wenzake wakacheka tena. Mimi nilikaa kwenye stuli yake na karatasi zangu nikiwa sina pa kuangalia. Alinifungia vibua viwili kwenye gazeti, akakataa pesa yangu.

Kwenye basi la kurudi Dar nilirudisha sentensi yake. Sasa iko Sura ya Nne hivi: Kiswahili chake kwanza, neno kwa neno, halafu chini yake "Other women get loans. This loan got me." Chini ya ukurasa kuna tanbihi ya mistari kumi na moja inayoeleza kwa nini "get" haliguswi hapo. Nimemtoa pia kwenye mstari wa waliofikiwa na huduma. Nimeongeza mstari mpya, na nilipopitia upya mahojiano yote nikakuta hakustahili kukaa humo peke yake. Idadi yangu ya mafanikio imeshuka. Hitimisho langu imebidi niliandike upya.

Msimamizi alikaa na rasimu hiyo siku tisa. Alipoirudisha hakuzungushia chochote kwenye ukurasa ule. Aliandika tu: "Tuone wajumbe watasemaje."

Nakubali, tuone. Nina maombi mawili kabla ya siku hiyo. Kwa walimu wa kidato cha kwanza, ambao najua mna madaraja yaliyofurika na mishahara isiyofurika: futeni safu ya maneno mabaya. Wapeni watoto sentensi badala ya orodha. Waulizeni, kati ya bibi na malaria, nani alimfuata mwenzake? Mtoto wa darasa la pili anajua jibu kwa Kiswahili. Mruhusuni aanzie hapo, kwa lugha hiyo, kisha atafute Kiingereza kinacholifikia.

Kwa wenzangu mnaoandika tasnifu: kabla hamjabonyeza kubadilisha yote, someni sentensi mpya kwa sauti mbele ya mtu aliyeisema ile ya zamani. Kama hamwezi kumpata, msomeeni mama yenu.

Utetezi wangu ni mwezi ujao. Nimeambiwa mmoja wa wajumbe ni mkali sana kwa lugha. Akilizungushia tena lile neno, nitamwomba kwa heshima zote aniandikie yeye mwenyewe, pale pembeni, kisawe chake, kisha tupige simu Tanga.